Mlio wa Pili kutoka Shamba la Chini

Jumanne, tarehe 27 Agosti 1974, saa tisa na robo alasiri, manyunyu yakiendelea kuanguka juu ya mibuni ya Kodagu kama yalivyoanguka tangu Juni, Uthaiah wa ukoo wa Pattacheranda aliketi kwenye kigoda katika ghala la nyuma ya nyumba yake, akaushusha mkono wa mashine yake ya kujazia risasi, akausikia ukiyumba. Aliupandisha, akaushusha tena. Uliyumba tena, upande uleule wa kushoto.

Mashine hiyo ilikuwa ya chuma cheusi, kazi ya Waingereza, na Uthaiah aliinunua kwa Mzungu mmoja mwenye shamba aliyekuwa akifunga virago arudi kwao. Kazi yake ni kulirudishia uhai ganda lililokwisha kulipuka: hung'oa fataki iliyokufa, husukumia fataki mpya, hupokea baruti, kizibo cha sufi na marisau, kisha huufunga mdomo wa ganda. Lakini pini ya mkono ilikuwa imelika. Siku hizi fataki iliingia kombo, na ganda lenye fataki iliyoingia kombo huenda likalia, huenda lisilie.

Kwa watu wengine hiyo ingekuwa hasara ya nguruwe pori mmoja. Kwa Wakodava, wenyeji wa milima ile ya Kodagu, lilikuwa jambo zito zaidi, kwa kuwa kwao bunduki ndiyo mpiga mbiu. Mtoto wa kiume akizaliwa, hupigwa mlio mmoja uani. Mtu akifa, hupigwa miwili, kati ya wa kwanza na wa pili pumzi moja, na kila asikiaye huacha jembe palepale, huvaa nyeupe, huenda. Uthaiah ndiye aliyeujazia ukoo mzima risasi zake. Na mwezi ule mkazamwana wake, Dechamma, alikuwa na mimba iliyokaribia kuzaliwa, mumewe Poovaiah akiwa jeshini, mpakani kaskazini. Uthaiah hakukubali mjukuu wake atangazwe na bunduki yenye kigugumizi.

Dawa aliifikiria mwenyewe. Akikata pete ya shaba na kuipachika chini ya mkono wa mashine, pete italikamata ganda wima, na mkono, hata ukiyumba, utalikuta ganda halina pa kwenda. Alitafuta shaba yenye upana unaofaa. Ndani ya mkebe wa bati juu ya rafu palikuwa na ganda moja, la shaba tupu, la mtindo wa zamani, ambalo hakuwahi kulijaza tena tangu alipoliokota.

Aliliokota miaka minne nyuma katika shamba la chini, ng'ambo ya kijito. Siku ile kaka yake, Achaiah, mkubwa wa ukoo, alikuwa akimfuata nguruwe pori katikati ya mibuni. Kichaka kilitikisika, naye akapiga. Kichakani alikutwa Bolka, mtu wa kabila dogo la Wayerava, aliyekuwa kibarua wa shamba lao kama baba yake alivyokuwa, amelalia kikapu chake cha pilipili manga. Kabla ya jioni ilikubaliwa kwamba Bolka alianguka mtini. Alizikwa na wenzake nyuma ya vibanda vya vibarua. Hapakupigwa bunduki, kwa sababu Wayerava hawapigiwi. Uthaiah alisaidia kumbeba, kisha akarudi kuokota ganda, maana hakuna Mkodava aachaye ganda la shaba porini.

Mkewe Muddamma alisimama mlangoni akimtazama analikata kwa msumeno wa chuma.

"Baba Poovaiah, hilo si lile?"

"Ni shaba tu."

"Kwani shaba nyingine zimekwisha?"

"Zenye upana huu, zimekwisha."

Muddamma alikaza upindo wa sari yake, akaenda zake jikoni. Uthaiah aliilainisha pete kwa tupa, akaipachika mahali pake, akaushusha mkono. Ganda lilisimama wima kama askari kwenye gwaride. Fataki iliingia sawasawa. Aliridhika, akajaza makasha mawili, na siku chache baadaye akawagawia watu wa ukoo.

Tarehe 3 Septemba ilikuwa sikukuu ya silaha. Mpunga ulikwisha pandikizwa, na bunduki zilizolazwa katika chumba cha sala zilivishwa ua jekundu la mwituni, kila moja kwenye mtutu wake. Wanaume walikusanyika katika uwanja wa nyumba kuu ya ukoo. Achaiah, mtu mrefu, mwenye masharubu meupe na sauti iliyozoea kusikilizwa, alitoka kuifungua sikukuu kwa mlio mmoja. Bunduki yake ilikuwa ya mtutu mmoja, na risasi aliyoitia ilikuwa ya Uthaiah. Aliielekeza juu, akapiga.

Pumzi moja ikapita. Kisha mlio wa pili ukatoka shamba la chini.

Achaiah aliitazama bunduki. Aliifungua, akatoa ganda moja, lililokuwa na moshi wa ganda moja, akatia jingine, akapiga. Pumzi ikapita, na shamba la chini likajibu.

"Shemeji," alisema Belliappa, kaka yake Muddamma, aliyekuwa amekuja kula nguruwe wa sikukuu, "mimi nilikuomba risasi. Umenipa mapacha?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Walianza mashindano ya kupiga nazi iliyofungwa juu ya mti mrefu, kama desturi, na kila aliyepiga alipigiwa mara ya pili. Hakuna aliyeuliza imewezekanaje. Kila mtu alijua mlio ulikotoka, na kila mtu alijitahidi asitazame upande huo.

Kabla ya saa sita watu wa ng'ambo ya bonde walikwisha fika. Walikuja kwa safu kwenye vijia vyenye matope, wamevaa nyeupe, wanaume wakiwa na mapanga ya kukatia kuni za kuchomea maiti.

"Nani?" aliuliza aliyetangulia, kwa sauti ya chini.

"Hakuna," alijibu Achaiah.

"Tumesikia miwili."

"Mmesikia vizuri. Hakuna aliyekufa. Kaeni mle."

Walikaa, wakala nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa siki nyeusi, na mabonge ya mchele, wakiangalia nazi zikipasuka. Ajuza mmoja alisema kwamba kwa nyumba isiyo na maiti, mchuzi ulikuwa mzuri sana.

Kesho yake asubuhi Uthaiah alijaribu kuing'oa pete. Ilikuwa imeshika kama gego. Aliigonga kwa nyundo, akaipaka mafuta, akaivuta kwa koleo mpaka koleo likateleza na kumchuna kidole. Alichukua risasi alizozijaza mwaka uliopita, kabla ya pete, akapiga moja: ikalia mara mbili. Alituma mtu mjini Madikeri akanunue risasi za dukani, mpya, zenye lakiri ya kiwandani, akapiga moja. Nayo ikalia mara mbili. Aliporudi ndani alimkuta Dechamma ameketi karibu na meko, mikono miwili juu ya tumbo, naye akatambua kwamba binti huyo alikuwa anahesabu.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na ilipoingia ilijitafutia mahali pa kukaa. Ilikaa chini kidogo ya koo. Kahawa ilipita hapo kwa shida.

Machi, mjane wa Bolka, alikuja siku hiyohiyo alasiri. Alisimama pale wanaposimama Wayerava, ukingoni mwa uwanja wa kuanikia kahawa, kitambaa kimefungwa kichwani, miguu ina tope la shamba.

"Bwana, nimemsikia mume wangu."

Uthaiah hakujifanya hajui anasema nini. "Anataka nini?"

"Nyinyi watu wenu hupewa miwili. Yeye mlimpa mmoja. Anajimalizia."

"Amejimalizia mara nyingi sasa. Hajatosheka?"

"Kwani maiti hujitangaza mwenyewe, Bwana? Haihesabiki. Mpigieni miwili pale uwanjani kwenu, kama mnavyowapigia wenu, na mseme ni ya nani. Atanyamaza. Bolka hakuwa mtu wa maneno mengi."

Uthaiah alitazama mlango wa nyumba, akashusha sauti. "Machi. Mtoto anakaribia. Akiwa wa kiume nitampigia mmoja, na mumeo ataongeza wa pili. Itakuwaje?"

Machi alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

"Mtoto mchanga hajui kuhesabu, Bwana. Anaitika anavyoitwa. Akiitwa kwa mmoja, anakuja. Akiitwa kwa miwili..." Aliinua bega moja. "Mimi sijui. Sisi hatupigiwi."

Uthaiah hakusubiri mvua ipungue. Alikwenda nyumba kuu, akamkuta Achaiah barazani chini ya nguzo za mbao zilizochongwa, anapasua popoo kwa mkasi wake.

"Kaka, nimekuja kwa ile habari."

"Habari gani?"

"Ya Bolka."

"Bolka alianguka mtini."

"Kaka, ganda niliokota mimi."

"Basi ungeliacha."

"Ganda la shaba?"

Achaiah alitia kipande cha popoo kinywani. "Hapo sikulaumu," alisema. "Hata mimi nisingeliacha."

Uthaiah alimweleza aliyoyasema Machi. Alieleza kwa utaratibu, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka habari ya mtoto. Achaiah alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu katili. Alikuwa amempelekea Machi gunia la mpunga mwaka ule Bolka alipokufa, na tangu hapo hakuwahi kupita shamba la chini akiwa amevaa viatu.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Tukimpigia, watu watauliza tunampigia kwa nini leo na si siku ile. Itatubidi tujibu. Tukijibu, wazee wetu waliokaa katika nyumba hii watakuwa na mjukuu muuaji. Na isitoshe, leo Myerava, kesho je? Utampigia na ng'ombe wa kulimia?"

"Na mtoto?"

"Mtoto akiwa wa kiume, utapiga mmoja."

"Nisipopiga?"

"Ukoo huu hauzai watoto kwa kunyamaza kama wezi. Ukiogopa, nitakuja kupiga mimi."

Uthaiah alifikiria mkono huo, kati ya mikono yote, ukimpigia mjukuu wake. Akasema atapiga mwenyewe.

Kurudi alipitia njia ya vibanda vya vibarua, ambayo haikuwa njia yake. Machi alikuwa akipuliza moto chini ya sufuria, na hakushangaa kumwona.

"Mtoto akizaliwa, akakaa mzima," alisema Uthaiah, akiwa amesimama mvuani, "nitampigia Bolka miwili. Mbele ya watu. Achaiah atake asitake."

"Unaapa kwa nini?"

"Kwa taa ya wazee wetu, ile ya chumba cha sala."

Machi aliendelea kupuliza mpaka moto ukashika. "Haya. Nitangoja. Kungoja nimezoea."

Siku zilizofuata hapana aliyepiga bunduki katika bonde lile. Nguruwe pori waliingia mashambani mchana kweupe, wakachimba mihogo, wakaondoka. Wanawake waliacha nguo zao nyeupe zimetundikwa karibu na meko, zikae kavu, na hawakusema ni za nini. Muddamma alisokota pamba akaiweka katika kibakuli cha shaba, vijisokoto viwili vidogo, vya masikio madogo. Uthaiah alisafisha bunduki yake, akaisafisha tena, na kila alipoiweka ukutani aliigeuza mdomo utazame upande usio na watu.

Dechamma alimwita siku moja, akiwa amelala ubavu.

"Baba, tukiacha tu? Mtoto yupo, mimi nipo. Nani atakuja kudai mlio?"

"Mwanangu, kijana asiyepigiwa huulizwa ukubwani, nani alisikia ulipozaliwa? Atajibu nini?"

"Atajibu yu hai, Baba."

Uthaiah aliinama kando ya kitanda chake. Alimfunika miguu kwa blanketi, akatoka.

Mtoto alizaliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umeketi juu ya paa. Alikuwa wa kiume, naye alilia mara moja, kwa hasira, kama anayedai haki yake. Muddamma alimshikisha upinde mdogo wa kijiti cha mbarika, ili ajue amezaliwa kati ya watu gani. Kisha akamziba masikio kwa pamba, akatoa kichwa dirishani.

"Haya, baba Poovaiah. Usikawie, maana nikikungoja nitakuzuia."

Uthaiah alisimama katikati ya uwanja. Alitia risasi moja. Fataki yake ilikuwa imeingia sawasawa. Aliikagua kwa ukucha. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia bado. Aliinua bunduki, akaishika kama alivyofundishwa na babake, akapiga.

Mlio ulikwenda mpaka kilimani ukarudi. Kwa muda wa pumzi moja dunia nzima ilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, hai, aliyetangazwa kwa haki.

Shamba la chini likalia.

Na ndani ya nyumba kilio kikakatika.

Uthaiah hakugeuka. Aliyasikia maji yakidondoka kutoka kwenye vigae. Alimsikia kuku akikwaruza chini ya ghala. Alisikiliza kwa mwili wote, kama mwindaji anavyosikiliza, wala hakusikia kitu kingine. Alisema kwa sauti, akiuelekea mteremko wa mibuni, "Bolka, nimekwisha ahidi. Bolka, ndugu yangu, nimeapa." Hakuwahi kumwita ndugu alipokuwa hai. Alihisi joto la mtutu mkononi likipungua, na aliogopa kupungua kwake, kwa kuwa ilionekana kwake kwamba kila kilichokuwa na joto asubuhi ile kilikuwa kinapoa.

Mlango ukafunguliwa.

"Umesimama nini mvuani, mzee mzima?" alisema Muddamma. "Ananyonya. Njoo umwone, ana masikio ya kaka yangu, masikini."

Uthaiah aliketi chini, pale pale penye matope, bunduki mapajani.

Watu wa ng'ambo ya bonde walifika baada ya muda, wamevaa nyeupe, na Belliappa akiwa nao.

"Shemeji, tuelekeze," alisema. "Tuvue, au tubaki nazo? Maana mimi nimekwisha piga pasi mara mbili mwezi huu."

Achaiah, aliyekuja kumwona mtoto, alilikata shauri hapohapo barazani. Kuanzia siku hiyo miwili itakuwa ya mtoto, na minne itakuwa ya maiti. Asikiaye miwili aendelee na kazi yake na kumshukuru Mungu. Asikiaye minne avae. Wote waliona kwamba hilo lilikuwa jambo la busara, na baadhi walijiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema.

Halikuleta usumbufu wowote. Mwezi wa Oktoba alikufa mzee mmoja wa ukoo jirani, ikapigwa bunduki mara mbili, ikasikika minne, na hapana aliyekosea. Watu walizoea kusimama kidogo, mkono mmoja juu ya mpini wa jembe, wakimwachia Bolka nafasi yake, kisha wakajua ni mtoto au ni maiti. Nguruwe pori nao walijifunza: waliosalimika mlio wa kwanza walilala kimya, wakakimbia baada ya wa pili. Uthaiah aliendelea kujaza risasi kwa ile pete, maana tangu siku ile hapakuwa na fataki hata moja iliyoingia kombo, na sifa zake zilifika hadi vijiji vya mtoni.

Siku ya kumlaza mtoto katika susu na kumpa jina, ukoo ulikusanyika nyumbani kwa Uthaiah. Mvua ilikwisha koma, kahawa ilianza kuwiva, na uwanja ulikuwa mkavu. Watu walikuwa wakila. Machi alikuja akasimama ukingoni mwa uwanja, kikapu begani.

Uthaiah alimwona, akamkabidhi mtoto kwa Muddamma, akamwendea. Mazungumzo barazani yalipungua. Achaiah aliendelea kula, wala hakuinua macho.

"Bwana, mtoto mzima?"

"Mzima."

"Amenenepa, nimesikia."

"Amenenepa."

"Basi nimekuja."

Uthaiah alijua amekuja kwa lipi. Bunduki ilikuwa nyuma ya mlango, hatua chache tu, na risasi zilikuwa mfukoni mwa koti lake la sherehe. Mashahidi walikuwapo wote, kama alivyoapa. Aliitafuta ile hofu iliyomsimamisha mvuani mbele ya kibanda cha Machi. Aliitafuta kwa haki, chini kidogo ya koo, mahali ilipozoea kukaa. Haikuwapo. Alimeza mate, yakapita vizuri.

"Milio imekwisha zoeleka, Machi," alisema. "Haimdhuru mtu."

"Sikuja kwa sababu inadhuru."

"Nitakuletea mpunga. Magunia mawili."

"Sikuja kwa mpunga, Bwana. Uliapa kwa taa."

"Niliapa."

"Utapiga?"

Mtoto alilia kidogo barazani, akabembelezwa, akanyamaza. Uthaiah alimtazama Machi usoni, kwa kuwa alilelewa kumtazama mtu usoni anapomnyima haki yake.

"Sitapiga," alisema.

Machi aliitikia kwa kichwa. Alihamisha kikapu kutoka bega moja hadi la pili, akashika njia ya kijito, kwa maana ilikuwa siku ya kazi, na wiki ile walikuwa wakichuma shamba la chini.